Kompyuta Iliyokaa Eda

Kwa nini Mama aliunyoosha mkono kuelekea kwenye kompyuta, kisha akaurudisha mapajani? Nilikuwa mdogo nilipouona mkono ule, na jibu sikuwa nalo. Mtoto hapendi swali libaki wazi, basi nikalijaza mwenyewe: Mama anaiaga. Nikaishi na jibu hilo mpaka chuo kikuu.

Juzi harufu ilinirudisha huko. Nilikuwa sokoni Darajani, napita baina ya muuza udi na kibanda cha fundi wa simu na kompyuta, na fundi alikuwa ameiwasha mashine kuukuu bila ya kuipangusa. Vumbi likipata moto ndani ya chuma hutoa harufu kavu inayokwaruza koo. Ikachanganyika na udi. Nikasimama katikati ya njia, watu wananipiga vikumbo, mmoja ananiambia, "Dada, nenda basi, au umepandwa na shetani?"

Ndani ya kibanda alikuwamo bibi mmoja wa makamo, simu yake mkononi. Fundi anamwambia bila hata ya kuipokea, "Hiyo imejaa, Bi mkubwa. Dawa yake kuiflashi tu, itakuwa kama mpya."

"Haya mwanangu. Weye ndo ujuaye."

Nikaingia. Sikuitwa, lakini nikaingia. "Shikamoo, Bi. Humo ndani mna kitu chako?"

"Marahaba. Kitu gani, mwanangu?"

"Picha. Sauti za watu."

Akafikiri kidogo. "Mna sauti za marehemu dada'angu. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi."

"Ikiflashiwa, hufutwa yote, zinakwenda hizo."

Yule bibi akaivuta simu kifuani. Fundi akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Dada, umekuja kununua chaja au umekuja kunivunjia soko?"

Hasira iliyonipanda haikuwa yake peke yake. Alikuwa kijana mdogo. Mimi nilipoanza kukasirika, yeye pengine alikuwa bado ananyonya.

Baba yangu alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Kendwa, kaskazini ya kisiwa. Sisi tulikaa Kikwajuni, naye alikuja nyumbani siku zake za mapumziko, siku nyengine akilala hukohuko kazini. Hoteli walipopata kompyuta mpya, kuukuu wakampa yeye: kioo kinene chenye kitako kama cha televisheni za zamani, na boksi kubwa lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Majirani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga, na Mama akaishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Nyie wa rika langu mnazikumbuka mashine hizo, na mnakumbuka jinsi tulivyokatazwa kuzigusa.

Humo ndani mlikuwamo kinasa sauti. Hakuna aliyekinunua. Kilikuja na mashine, bure, kimejificha kwenye orodha ambayo watu wengi hawakupata kuifungua maishani mwao. Baba alikuwa mtu wa kufungua. Alichomeka kipaza sauti kidogo akaninasia hadithi, ziwe akiba ya siku ambazo hatakuwapo. Mama akinifungulia baada ya sala ya Magharibi, nikirudi chuoni kusoma Kurani, miguu imejaa vumbi.

"Paukwa!" Baba anasema kutoka ndani ya boksi, halafu ananyamaza.

"Pakawa!"

"Sikusikia! Bi Kwa-nini kalala?"

"PAKAWA!"

"Aa, sasa nimekusikia."

Bi Kwa-nini ndilo jina alilonipa, kwa sababu sikuwahi kukubali kitu bila ya kukiuliza. Na alikuwa akiniachia nafasi ya jibu langu, fupi kiasi kile kile ninachohitaji. Mtoto gani asingeamini? Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Kendwa iko kompyuta ya pili na Baba ameikalia, anasubiri niseme pakawa. Kinasa kile kilikuwa kikikata kila baada ya dakika moja, kwa hivyo hadithi zilikuja vipande vipande. "Sungura akapanda juu ya... ngoja, inakata." Kimya. Mama anafungua kipande cha pili. Mie nilidhani Baba anakunywa maji.

Alifariki ghafla, akiwa kazini. Wakamleta nyumbani, akaoshwa, akavishwa sanda. Wanaume walipolinyanyua jeneza nikataka kuwafuata, na Shangazi Zuwena, dada yake Baba, akanishika gauni kwa nyuma.

"Wanawake hawendi makaburini."

"Mie si mwanamke, mie mtoto."

"Nyamaza."

Nikabaki mlangoni natazama migongo.

Mama akaingia edani, miezi minne na siku kumi za mjane. Akavaa nguo nyeupe, akaacha wanja na hina na manukato, akawa hatoki. Shangazi alihamia kwetu kumwangalia. Siku hiyo hiyo akaifunika televisheni, akaifunika kompyuta kwa shuka nyeupe, akachomoa waya zote ukutani. "Nyumba ya eda haitaki makelele," akasema.

Nikakaa nikaunganisha mambo. Mama kavishwa nyeupe, hatoki, haongei na wageni wa kiume. Kompyuta kavishwa nyeupe, haitoki, haiongei na mtu. Nikafahamu kila kitu. Wanawake wamejaa ukumbini kutoa pole, nikamwendea Shangazi katikati yao.

"Shangazi, kumbe Baba alikuwa na wake wawili."

Kijiko cha mtu kikasimama ndani ya kikombe. "Ati nini?" Shangazi akauliza.

"Mama na kompyuta. Wote wamekaa eda."

Jirani yetu mmoja alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. "Lo! Zuwena, basi umwangalie huyo wifi yako wa pili, asije akatoka dirishani!" Hata Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akageuza uso ukutani ili asionekane.

Lakini mie sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa na haja. Nilimwambia Shangazi nataka kumsikiliza Baba, akanirudishia maneno yake ya makelele.

"Sauti ya Baba ni makelele?"

Akanifinya. Watu wazima wakiishiwa na majibu, hutumia vidole. Mama ndiye aliyenivuta, akanilaza mapajani. "Eda ikisha, utamsikiliza baba yako mpaka uchoke. Nakuahidi, mwanangu."

Hakuna Idi niliyoisubiri kama nilivyosubiri eda ile iishe. Niliingia ukumbini kila siku kuitazama shuka. Mara nyengine nililala chini ya meza, sikio nimelitega kwenye boksi, kwa sababu nilidhani hata akiwa amefunikwa lazima atavuta pumzi.

Siku ya kutoka eda nyumba ilinuka udi tangu asubuhi. Mama alivishwa nguo mpya, akatiwa wanja, akanyweshwa maziwa, wanawake wakampigia vigelegele vya chinichini vya aibu. Mchana akaja Ami Suleiman, mdogo wake Baba. Ami alikuwa na kazi ya ofisini na kalamu mbili mfukoni, na katika ukoo wetu ndiye aliyesemwa kuwa anajua kompyuta. Maana yake ni kuwa hakuna aliyepata kumuuliza swali la pili.

Aliivua shuka, akachomeka waya, akawasha. Feni ikaanza kulia na kututemea ile harufu, vumbi la moto juu ya udi. Kisha boksi likalia pii, na kioo kikabaki cheusi chenye mistari michache ya maandishi meupe ya Kiingereza. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma.

"Pakawa," nikasema kimoyomoyo, nikidhani labda inangoja mimi nianze.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya meza, mie nimesimama nyuma ya bega lake. Aliinama akakitazama kioo. Hapo ndipo aliponyoosha mkono wake, polepole, hina yake mpya bado inang'aa.

"Asiguse mtu!" Ami akasema, nami nikaruka nyuma, maana siku zote neno hilo lilikuwa langu. Mkono wa Mama ukarudi mapajani.

"Imeingia virusi hii," Ami akaendelea. "Kompyuta ikikaa bila ya kutumika huingia virusi, kama mkate unavyoingia ukungu."

"Vimeingiaje na ilikuwa imezimwa?"

"Wee mtoto, usiniletee ukwanini wako."

Lilikuwa swali zuri. Nalisema bila ya kujisifu, kwa sababu lilikuwa rahisi mno: mashine iliyochomolewa ukutani itaambukizwa na nani? Angelirudia mtu mzima mmoja tu, kwa sauti nene kidogo, mambo yangesimama pale. Hakuna aliyelirudia. Kwetu mtoto anafundishwa kusema "naam" anapoitwa, na ni adabu nzuri. Ubaya ni kuwa tunakua, tunapata ndevu na vyeti, na bado tunaitika "naam" kwa yeyote anayezungumza bila ya kusita.

Ami na jirani mmoja wakalizungushia boksi shuka ile ile nyeupe, wakalibeba, huyu mbele na huyu nyuma. Shangazi alikuwa jikoni. Nikawafuata, na safari hii hakuna aliyenishika gauni. Nilitembea nyuma yao kutoka Kikwajuni mpaka vichochoroni mjini, nikisoma kwa sauti ndogo yale niliyowasikia wanaume wakiyasoma siku ile walipoondoka na Baba. La ilaha illa llah. Watu barazani walitutazama, wengine wakacheka. "Mnamzika nani wenzetu, mbona mfupi hivyo?"

Tukafika kwenye kibanda cha Fundi Haji, na fundi huyo wa kompyuta hakuiwasha. Nataka mlisikie hilo vizuri: hakuiwasha.

"Ina nini?"

"Virusi," Ami akasema.

"Nilijua. Dawa yake kupiga windo."

"Windo ndo nini?" nikauliza.

"Ni kuiosha, bibie. Tunaisafisha yote ndani, tunaipa roho mpya. Haibaki hata alama ya zamani."

Kazi ya kuosha nilikwisha kuijua. Nilikuwa nimejionea kwamba aliyeoshwa akafungwa nguo nyeupe harudi. "Na Baba yumo ndani?"

Fundi akamtazama Ami. Ami akatikisa kichwa. "Mtoto wa marehemu kaka yangu. Achana naye."

Wakaachana nami. Wanaume wawili wenye akili zao, mmoja anaishi kwa kazi hiyo, na hakuna aliyetamka maneno haya: humu mna kitu gani, na kimehifadhiwa wapi kwengine? Kichwa changu hujiuliza hilo ninapokosa la kufanya, na hakijapata kuchoka.

Ilirudi inang'aa. Kioo kilionyesha kilima cha majani mabichi ambacho hakikuwa kisiwani petu. Fundi Haji alikuja mwenyewe kuifunga, na alikuwa na furaha ya mtu anayetoa sadaka. "Nimekujazieni filamu na nyimbo, shemegi. Mpaka juu. Sikuacha nafasi hata ya sindano." Alikuwa mkarimu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ningemchukia nikamaliza.

Mama akafungua pale tulipokuwa tukimfungulia Baba. Patupu. Akatafuta, akarudi, akatafuta tena pale pale. Nikamsukuma, nikaukamata ukingo wa kioo kwa mikono miwili nikapiga kelele. "Pakawa! Pakawa! PAKAWA!" Mpaka Shangazi akaja kuning'oa.

"Mungu kapenda, shemegi," Ami akasema.

"Alhamdulillahi kwa kila hali," Mama akajibu.

Mimi ni Muislamu na nasali. Kwa ajili hiyo hasa maneno yale yananitia moto. Mungu hakuibeba kompyuta kuipeleka mjini. Mungu hakusema ina virusi. Tumegeuza kadari kuwa jalala: kila uvivu wetu wa kuuliza tunautupa huko, kisha tunanawa mikono na kujiona tuna imani.

Chuo kikuu, miaka mingi baadaye, mwenzangu wa chumbani alifuta kwa bahati mbaya kazi yake ya kumalizia masomo. Akalia, nami nikalia naye kwa sababu zangu. Akaja msichana wa chumba cha pili na kiflashi chenye programu ndogo, ya bure, ya kushushwa mtandaoni na yeyote. Akaiendesha. Chai haijapoa, kazi imerudi, kurasa zote.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza. "Si imefutwa?"

"Kufuta si kufuta," akasema huku anatafuna muhogo. "Mashine inang'oa kibao cha jina mlangoni tu. Mwenyewe bado kalala ndani. Anatoka pale utakapomhamishia mtu mwengine kwenye chumba chake."

Nilikaa chini sakafuni. Kumbe Baba hakuondoka Fundi Haji alipopiga windo, au hakuondoka wote. Sehemu kubwa yake ingeweza kuwamo bado siku ile mashine ilipoanza kuoshwa na hata ilipomaliza, kalala chumbani bila ya kibao. Waliomtoa ni wale wageni waliojazwa mpaka juu. Filamu. Nyimbo. Zawadi kwa wafiwa.

Tangu hapo nimekuwa kero ya mtaa. Shangazi zangu wakiniona nakuja huficha simu. Nawaambia sauti na picha unayoipenda isikae nyumba moja tu. Iweke na pengine, kwenye kiflashi, kwenye simu ya mwanao, kwenye ghala la bure la mtandaoni. Nawaambia kitu kikifutika, usiwashe, usishushe, usiongeze hata wimbo mmoja, mpaka umejaribu kukirudisha. Nawaambia mashine ikiandika maneno, uyasome kabla ya kumwita mtu, na kama ni Kiingereza kisichofahamika, programu ya bure kwenye simu itakufasiria. Wanasema, "Haya mwalimu, basi kaa unywe chai." Mmoja kati ya kumi hufuata. Nafanya kwa ajili ya huyo.

Na kompyuta ile niliiendea. Nilirudi Kikwajuni likizo na kiflashi changu. Mama alikuwa ameihifadhi juu ya kabati, ndani ya shuka ile ile nyeupe, haijawashwa tangu nikiwa sekondari. Nitasema mapema ili msikae na tumaini: sikumpata Baba. Programu ilichimba tangu adhuhuri mpaka alasiri, ikatoa vipande vya filamu, mwanamke anaimba mvuani, mwanamume anapigwa ngumi bila ya sauti. Walikuwa wamekikalia kila chumba. Mama alikaa nami muda wote, akinipa maji. Ilipokwisha alisema, "Basi, mwanangu," akakunja shuka.

Lakini nimeruka kitu, na nimekiruka kwa sababu kukiandika kunaniuma.

Kabla ya yote hayo, nilipoichomeka na kuiwasha, feni ililia, harufu ikapanda. Boksi likalia pii. Kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe. Yale yale. Niliinama kuyasoma, kwa mara ya kwanza maishani, kwani siku ile sikujua Kiingereza.

"Bonyeza F1," Mama akasema nyuma yangu kabla sijafika mwisho wa mstari.

Nikabonyeza. Kompyuta ikaendelea, kama mtu aliyekuwa anangojea kupishwa njia. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, inayoitunzia majira. Ikikaa miezi bila ya umeme, betri huisha, na mashine husimama kidogo kukuambia kuwa imepotelewa na saa, ubonyeze ili iendelee. Tuliichomoa kwa ajili ya eda, ikapotelewa na saa. Basi. Na kupiga windo hakuyaondoi maandishi yale, kwa hivyo Fundi Haji alipomaliza kuosha aliyakuta pale pale yakimngojea, akayasoma, akatia betri mpya, akanyamaza.

Nikageuka. "Mama, umejuaje?"

"Si imeandikwa? Na siku ile iliandikwa hivyo hivyo. Nilisoma mpaka la nne mie, Kiingereza cha kubonyeza hakinishindi."

"Kwa nini hukubonyeza?"

Alikitazama kioo, kile kilima cha majani kinajitokeza polepole.

"Ami yako alisema asiguse mtu."

"Alikuwa akiniambia mimi."

"Weye ulikuwa nyuma yangu, hakukuona hata. Alikuwa akinitazama mie. Na kidole changu kilikuwa kishafika kwenye kitufe."